Kufuli la Mzee Lugome

"Kisima tulichochimba wote kimepataje kufuli la mtu mmoja?" Chausiku, muuza karanga, aliuliza mkutanoni. Tajiri Lugome, mwenye kufuli, alikuwa ameshatoa amri: anayetaka maji afue kwanza nguo za nyumbani kwa tajiri huyo.

Kesho yake jioni Lugome akaja kununua karanga. Chausiku akamfungia kwenye kipande cha gazeti. Tajiri akawa anatafuna huku anasoma, mara taya zikagoma.

"'Simba atoroka, amrarua tajiri getini kwake'! Mbona hamkuniambia?"

"Sisi akina pangu pakavu, ya matajiri yanatuhusu nini, mzee?"

"Geti langu lina komeo tu!"

"Komeo! Simba si atalisukuma kwa pua?"

"Sasa kufuli nitapata wapi saa hizi?"

"Kubwa la maana mtaa huu nalijua moja tu, ila mbele yako naogopa kulitaja."

Lugome alishatimka. Alilifungua kufuli kwenye geti la kisima, akalikumbatia hadi kwake, akajifungia kwa ndani. Nyuma yake akina mama wakamiminika na ndoo.

Magharibi sauti yake ikatoka nyuma ya geti lake. "Chausiku! Wameshamkamata simba?"

"Zamani sana, mzee. Gazeti lile bibi yangu alilitandika kabatini mimi sijazaliwa."

Funguo zikalia.

"Taratibu, mzee wangu," Chausiku akasema. "Geti la kisima tumeling'oa, tumeliegemeza hapa kwako. Naomba ufungue polepole, lisikuangukie."