Nyumba ya Mlinzi wa Kitopeni

Sogeeni karibu. Nina kisa ambacho mpaka leo kimenikaa kooni. Nikimaliza kusimulia, kazi itakuwa yenu.

Katika mji wa Mkelenge waliishi majirani watatu. Lukindo alikuwa na mkono wa kuotesha: alichokichomeka ardhini kilishika. Hasina alikuwa na sauti: akiimba harusini, mtaa wa pili walijua bibi harusi ameshatolewa ndani. Tabea alikuwa na msimamo: akishasema neno, amesema.

Mji ulikuwa ukitanuka kila upande. Mashamba yakawa maghorofa, mabonde yakawa maduka. Palibaki Kitopeni tu, uwanda wa vumbi ambako watoto walicheza na wagonjwa walitoka kupunga upepo. Diwani akaanza kusema, "Pale hapana kitu. Pauzwe."

Lukindo aliposikia kwamba hapana kitu, akaanza kupanda miti. Kila kiangazi alibeba maji begani kutoka mtoni. Mkewe akamwambia, "Maji yote unaipelekea miti. Mimi nifue na nini?" Lukindo akachukua ndoo, akarudi mtoni. Siku moja alirudi akakuta mke amekwenda kwa kaka zake, asirudi tena. Miti ikakua, Kitopeni ikapata kivuli, watu wakaanza kuiita bustani.

Ndipo tajiri mmoja, akidai ameshauziwa Kitopeni, alipoleta tingatinga, asubuhi, wengi wakiwa makazini. Hasina alikuwa akianika nguo. Akaziacha, akasimama mbele ya mti wa kwanza, akapaza sauti. Wakaja wauza mboga, mafundi, mama wenye watoto mgongoni, wakakaa chini wakagoma kuondoka. Wakaja askari, wakarusha mabomu ya machozi, na rungu la mmoja wao likampata Hasina kooni. Tingatinga likarudi lilikotoka. Sauti ya Hasina haikurudi. Leo ananong'ona tu, na hakuna anayemwalika harusini mtu wa kunong'ona.

Kesi ikafika mahakamani. Hakimu akaamua bustani ibaki, ila barabara mpya lazima ipite: ama katikati ya miti, ama kwenye kiwanja cha Tabea chenye nyumba yake, kilichokuwa pembeni, mwenyewe akiridhia. Mwanawe akamwambia, "Mama, baba amezikwa hapa."

"Najua," Tabea akajibu. "Nilikuwepo."

"Sasa?"

"Sasa wapitishe hapa."

Nyumba ikavunjwa. Mifupa ya mumewe ikafukuliwa, ikahamishiwa makaburi ya mbali. Fidia bado anaambiwa asubiri. Yeye analala sebuleni kwa binamu yake, na mwanawe hapokei simu yake.

Siku ya uzinduzi, utepe aliukata diwani yuleyule. Alipigwa picha, akashangiliwa. Kisha akasema kwamba getini imejengwa nyumba ya mlinzi wa bustani, chumba na jiko, na mmoja wa hawa watatu ataishi humo mpaka mwisho wa maisha yake. "Mmoja tu. Chagueni wenyewe."

Wakakutana. Lukindo akasema, "Bila miti, mngepigania nini?"

Hasina akanong'ona, "Bila mimi, kaka Lukindo, miti yako ingekuwa kuni."

"Na bila nyumba yangu," akasema Tabea, "lami ingepita juu ya yote hayo."

Kila mmoja alisema kweli. Wangeishia hapo ingekuwa afadhali. Lakini Lukindo akamwambia Hasina, "Wewe una mume wa kukutunza." Hasina akamjibu, "Na wewe, mkeo alifukuzwa na nani?" Tabea alipojaribu kuwatuliza, wote wawili wakamgeukia: "Wewe uliyemuuza marehemu, nyamaza."

Tangu siku hiyo hawasalimiani. Wanakuja bustanini kila jioni, mmoja mashariki, mmoja magharibi, mmoja karibu na barabara. Watoto wanacheza katikati yao bila kujua ni akina nani. Nyumba imefungwa kwa kufuli. Diwani ametangaza kwamba wasipokubaliana kabla mwezi haujaisha, atampa shemeji yake, anayetafuta mahali pa kufungua baa.

Mimi nimeshindwa kukata shauri. Wewe uliyenisikiliza, kama ufunguo ungekuwa mkononi mwako, ungempa nani? Na wale wawili wengine ungewaambia nini?