Bao Halizaliwi Golini

Bao halizaliwi golini. Methali hiyo mmeisikia leo kwa Mama Nasra, yule anayeuza uji kwenye kona ya uwanja, mlipokuwa mnamzomea kipa wenu. Mmekuja kuniuliza ilitoka wapi kwa sababu mmeambiwa mimi nilikuwapo. Ni kweli nilikuwapo. Kaeni basi, maana siwezi kuisimulia nimesimama. Ilianza hapa hapa shambani kwetu, kwa namna hii.

Wakati huo shamba hili la mkonge lilikuwa na watu wengi kuliko sasa, na timu yetu iliitwa Nguvukazi. Wachezaji wote walikuwa vibarua wa shamba. Mimi nilikuwa karani wa mizani, na kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka, nikafanywa katibu wa timu. Ndiyo sababu kila mtu aliniita Karani, hata mke wangu.

Kipa wetu aliitwa Abedi Semkiwa. Alikuwa na miaka thelathini na sita, mrefu, mpole, mwenye mgongo ulioanza kuinama. Ujana wake wote alikuwa amekata mkonge. Kazi hiyo hamuijui ninyi. Unaamka kabla ya alfajiri, unakata majani, unafunga thelathini fungu moja, na mafungu mia na kumi ndiyo kazi ya siku. Miiba inakuchoma usoni, na utomvu unakuwasha mpaka unasahau kwamba unawashwa. Abedi alipoharibika mgongo, timu ilimwombea kazi nyepesi ya kuanika katani kwenye kamba, na akapewa kwa sharti moja tu, kwamba yeye ni kipa wa Nguvukazi. Siku ambayo asingekuwa kipa, angerudi kukata. Kila mtu alilijua hilo, na yeye alilijua kuliko wote.

Ligi ya mkoa ilikuwa inaanza Septemba. Julai na Agosti tulicheza mechi tatu za kirafiki ili mwalimu wetu, bwana Mdoe, aione timu yake. Ya kwanza tulicheza na mafundi wa karakana ya reli, tukafungwa mawili. Ya pili tulipanda milimani kwa wachuma chai, tukafungwa matatu. Ya tatu walikuja askari magereza, wakatufunga manne. Mabao tisa katika mechi tatu, nasi tulikuwa tumefunga mawili tu.

Watu wakachoka na Abedi. Hawakumtukana. Afadhali wangemtukana. Walimsalimia vizuri, kisha akipita wakatikisa kichwa. Kamati ikaanza kumzungumzia kijana mmoja wa mjini, kipa mwenye miaka ishirini, aliyekuwa tayari kuja akipewa kazi. Kazi yenyewe ingekuwa ile ya kuanika katani. Nyingine nyepesi haikuwapo.

Mimi katika mechi zote tatu nilikaa pembeni ya uwanja na daftari. Mwalimu Mdoe alikuwa ameniomba niandike kila shambulizi: dakika gani, mpira ulianzia wapi, nani aliugusa, uliishia wapi. Siku zile hapakuwa na simu za kupiga picha. Niliandika mpaka vidole vikafa ganzi. Kurasa arobaini na kitu. Sikuziandika kwa moyo mweupe, na hilo nitalifikia.

Jumapili moja baada ya swala ya adhuhuri tuliitwa stoo ya magunia, wachezaji na kamati, tuyapitie mabao yote moja moja kabla kamati haijaamua. Ilikuwa siku ya joto isiyo na upepo. Wachezaji walikaa chini juu ya magunia, wengi wamefumba macho. Walikuwa wamechoka kiasi kwamba hata aibu ya kufungwa haikuwa na pa kukaa. Abedi alikaa karibu na mlango, mikono juu ya magoti.

Mwalimu Mdoe akasema, "Karani, soma."

Nikasoma. "Mechi ya karakana. Bao la kwanza, dakika ya sitini na tatu. Krosi kutoka kushoto kwetu, mshambuliaji wao anapiga kichwa, Abedi anachelewa, bao."

"Kachelewa," akasema mwenyekiti wa kamati.

"La pili, dakika ya sabini na nane. Pasi ya chini kutoka kushoto kwetu, Abedi anatoka, anazungukwa, bao."

"Katoka vibaya."

Tukaenda hivyo. Kila bao nililosoma liliishia na jina la Abedi, kwa sababu kila bao huishia kwa kipa. Nilipofika bao la tatu la wachuma chai, la mpira wa adhabu uliomponyoka mikononi, Abedi akainua mkono akasema, "Hilo ni langu. Niliushika mpira nikauachia." Nikaendelea mpaka la tisa, nikafunga daftari.

Mwenyekiti akashusha pumzi. "Ndugu zangu, nadhani mambo yanajionyesha. Abedi ametutumikia miaka kumi na minne. Lakini mwili ni mwili."

Hapo Abedi akasema, bila kunyanyua sauti, "Karani, nisomee tena lile la kwanza. Ila safari hii usisome mwisho wake. Nisomee nyuma yake."

"Nyuma yake vipi?"

"Kabla ya krosi. Uliandika nini?"

Nikafungua. "Kabla ya krosi, Kibwana amebaki peke yake na watu wawili." Kibwana alikuwa beki wetu wa kushoto. Alifumbua macho aliposikia jina lake.

"Kwa nini yuko peke yake?" akauliza Abedi. "Kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo, Bonifasi amepoteza mpira mbele, hajarudi kumsaidia."

Bonifasi Ntakije alikuwa winga wetu wa kushoto, kijana wa Kigoma, mwenye mbio kuliko wote shambani. Akainamisha uso.

"Sasa la pili," akasema Abedi. "Nyuma."

Nikasoma la pili nikirudi nyuma, na likawa lile lile. Bonifasi amepoteza mpira, hajarudi, Kibwana yuko peke yake. Nikasoma ya wachuma chai. Nikasoma ya askari. Mwalimu Mdoe alikuwa amechukua kipande cha chaki, anaweka alama ukutani. Tulipomaliza, zilikuwa alama saba. Mabao saba kati ya tisa yalipita njia moja, na hakuna hata moja lililoingia kabla ya dakika ya sitini. Mawili tu yalikuwa na habari nyingine, lile la kuponyoka na moja la penalti.

Mimi ndiye niliyeandika kurasa zote zile, na sikuwa nimeliona hilo. Au labda sikutaka kuliona.

Mwenyekiti akageuka. "Kumbe ni Bonifasi."

Bonifasi hakujitetea. Alikuwa mtu wa maneno machache. Akasema tu, "Ni mimi, mzee. Ikifika saa ile miguu haipo."

"Haipo kwa nini?" akauliza Abedi. Nakumbuka alivyouliza, kama mtu anayemuuliza mdogo wake mahali panapouma. "Una miaka ishirini na mbili, Boni. Kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo ni kazi, kaka. Siku ya mechi ya karakana niliingia shambani saa kumi alfajiri. Nikamaliza mafungu mia na kumi saa saba mchana. Saa kumi jioni nikaingia uwanjani. Na ya askari vivyo hivyo. Wote tunaokata tumefanya hivyo." Akawaonyesha wenzake kwa kidevu. Nusu ya timu walikuwa wakataji. "Naweza kukimbia kwenda. Kurudi ndiko siwezi."

Mwalimu Mdoe akashusha chaki. "Subiri. Tulikubaliana Juni kwamba miezi hii miwili wachezaji wakate nusu kazi. Kamati iliandika barua kwa meneja. Au meneja amekataa?"

"Sisi tuliambiwa tusubiri jibu," akasema Kibwana. "Tunasubiri mpaka leo."

"Nani aliwaambia?"

Walinitazama tu, hata wale waliokuwa wamefumba macho.

Wajukuu zangu, nimeishi miaka mingi, na nimewahi kusimama mbele ya watu wakubwa. Sijawahi kuona chumba kirefu kama ile stoo siku ile.

Ile barua niliiandika mwenyewe, nikaigonga muhuri, nikaipeleka ofisini. Siku niliyofika, meneja alikuwa anamkaripia fundi kwa sababu mashine ya kusaga majani imesimama. Sauti yake ilikuwa inafika nje. Nikajiambia, leo si siku ya kumwomba mtu huyu chochote. Nikarudi nayo. Kesho yake nikasema kesho. Baada ya wiki wachezaji wakaniuliza, nami nikaona haya kusema kwamba niliogopa, nikawaambia, "Nimepeleka, tusubiri jibu." Baada ya hapo kila siku iliyopita ilifanya kuipeleka kuwe kugumu zaidi, maana ina tarehe ya Juni. Nikakaa pembeni ya uwanja mechi tatu, naandika mabao, na barua iko kwenye droo yangu.

Nikasema, "Haikufika. Sikuipeleka. Ninayo mimi."

Bonifasi alinitazama kidogo, kisha akatazama viganja vyake. Nilingoja mtu anifokee. Nadhani walikuwa wamechoka hata kwa hilo.

Abedi ndiye aliyesimama. Alisimama taratibu, ameshika mgongo, akasema maneno haya, nami nayakumbuka yote: "Miaka kumi na minne nasimama pale nyuma, na kila likiingia watu wananitazama mimi. Hata mimi nilianza kuamini. Nimekuwa nikijiuliza kama macho yangu yameisha. Ndugu zangu, bao halizaliwi golini. Golini linafika likiwa limeshakuwa mtu mzima."

Akatoka nje. Kikao kikaisha hivyo, bila mtu kukifunga.

Jumatatu asubuhi niliipeleka barua. Meneja aliisoma amesimama, akatia sahihi, akanirudishia nakala. Haikuchukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Akaniuliza, "Hii ni ya Juni. Kwa nini inakuja sasa?" Nikamwambia ni kosa langu. Akasema, "Ningeikubali Juni," kisha akaendelea na kazi zake. Hilo lilinichoma kuliko kama angenitukana. Mlango niliouogopa miezi miwili ulikuwa wazi.

Wakataji wakapewa nusu kazi. Yule kijana wa mjini hakuitwa tena. Tukacheza mechi moja zaidi ya kirafiki, na Bonifasi alikuwa anarudi mpaka dakika ya mwisho. Hatukufungwa siku ile. Sitaki mdhani kwamba tulichukua ubingwa. Tulimaliza ligi katikati, wa sita katika timu kumi na mbili, na kwa timu iliyoanza kama ilivyoanza hiyo haikuwa aibu.

Jioni ya siku nilipopeleka barua nilimfuata Abedi kwenye kamba za katani. Alikuwa anageuza singa zikauke upande wa pili. Nikamwambia, "Kaka Abedi, nisamehe. Ungerudi kukata kwa sababu yangu."

Aliendelea kugeuza. "Ningerudi, ndiyo."

"Nifanye nini?"

Akafikiri. "Lile daftari bado unalo?"

"Ninalo."

"Kila bao umeandika Abedi kachelewa, Abedi katoka vibaya. Nenda kaandike na mwanzo wake. Lile langu la kuponyoka liache kama lilivyo."

"Halafu umenisamehe?"

"Karani, nimechoka," akasema. "Nimekusamehe, lakini nimechoka. Hivyo viwili vinaweza kukaa kwa mtu mmoja." Akahamia kamba nyingine.

Nilirudi nyumbani nikafungua kurasa saba, moja baada ya nyingine, na juu ya kila bao, kabla ya dakika na kabla ya jina la mchezaji yeyote, nikaandika jina langu. Kuliandika mara ya kwanza kulikuwa kugumu. La saba nililiandika mkono umetulia.

Abedi alicheza msimu ule na mwingine mmoja, akastaafu kwa hiari yake, na kazi ya kamba akaachiwa mpaka alipokwenda kwao Muheza. Maneno yake yakabaki. Wanawake wa shambani ndio walioyachukua. Mtoto akifeli shule na baba akishika fimbo, mama anauliza kwanza: mwaka mzima huyu alikula nini, alisomea wapi, nani alimtuma shamba siku za shule? Bao halizaliwi golini. Ndoa ikivunjika, mwajiriwa akifukuzwa, mgonjwa akifia mlangoni mwa zahanati, watu wanamtazama aliyekuwa wa mwisho kuligusa jambo, na lazima mmoja awakumbushe.

Sasa, ninyi mmefungwa manne leo, na ligi bado wiki tatu. Tangu mmekaa hapa mnamtazama kipa wenu Zuberi, naye anatazama viatu vyake. Mimi sikuwapo uwanjani leo, macho yangu hayafiki huko tena, kwa hiyo sitawaambia yale manne yalitoka wapi. Ninyi mlikuwapo. Yasomeni moja moja, mkirudi nyuma, na msisimame kwa mtu wa kwanza mtakayemwona. Na kama kuna mmoja wenu anayejua jambo na amelinyamazia, afadhali aliseme hapa wakati bado ni mapema, asingoje mpaka limefika kwa Zuberi. Bao halizaliwi golini.