Insha ya Ezelina

Jibu la kuiba humtaja mwenyewe. Ndivyo mama yenu alivyomwambia Lwitiko jana alipomkuta akinakili hesabu za mwenzake, nanyi mkacheka, mkidhani ni maneno ya kutishia watoto. Leo mmekuja kuniuliza yametoka wapi. Sogeeni karibu na moto, maana baridi ya Juni haina huruma. Mimi nilikuwepo, na niliyasikia yakisemwa kwa mara ya kwanza. Methali hii ilianza hivi.

Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya bweni ya wasichana, huku huku kwetu nyanda za juu. Shule ilikaa mgongoni mwa kilima. Miezi ya baridi ukungu ulipanda kutoka bondeni ukaingia mpaka madarasani, hata siku nyingine nilifundisha kipindi kizima bila kuziona sura za waliokaa nyuma. Nilisikia tu vikohozi vyao na kalamu zao.

Katika kidato cha nne mwaka ule alikuwamo msichana aitwaye Ezelina Mgaya, mtoto pekee wa mama mjane aliyelima maua ya pareto kilima cha pili. Ezelina alikuwa mkimya, lakini ukimpa karatasi utadhani umemfungulia mlango. Nimesahihisha insha kwa miaka thelathini na moja, sijapata tena mwanafunzi wa namna ile. Mwezi wa Mei alishikwa na homa ya mapafu. Siku ya nne akafariki.

Aliyekaa naye dawati moja aliitwa Tusekile Mwambene. Huyu alikuwa hodari wa hesabu na fizikia, ila insha ilimshinda. Alikuwa akiandika sentensi tatu, anafuta mbili. Mtihani wa majaribio ulikuwa umekaribia, na mkuu wa shule alikuwa ametangaza kwamba atakayepata chini ya wastani katika Kiswahili atarudia mwaka. Baba yake Tusekile naye alikuwa amemwambia, "Ukirudia, urudie hapa nyumbani, jembe lipo." Na baba yule hakuwa mtu wa mzaha.

Basi siku moja Tusekile alikuwa akisafisha dawati, akakuta daftari limebanwa nyuma ya droo. Ndugu wa Ezelina walipokuja kuchukua sanduku lake hawakuliona. Ndani mlikuwa na insha moja tu, haijasahihishwa, kichwa chake "Siku Nisiyoisahau". Na mimi, kwa upumbavu wangu, nilikuwa nimeshawadokezea darasani kuwa habari ya namna hiyo haitakosa kwenye mtihani.

Hakunionyesha, wala hakuwapelekea wenyewe. Aliikariri neno kwa neno, kama mtu anavyokariri sala. Kila mahali palipotajwa Ezelina, akajizoeza kusema Tusekile. Alipokwisha kuishika yote, akaenda jikoni kwa wapishi, akalitia lile daftari motoni, likateketea.

Mtihani ukafanyika. Nilipozisahihisha karatasi, ile ya Tusekile niliisoma mara mbili. Ilihusu mama na binti waliokwenda kutafuta kuni, ukungu ukawaangukia, wakapoteana. Mama anaita, "Tusekile! Tusekile!" na binti hajui sauti inatoka upande gani. Nilisisimka mwili. Nikampa kumi na tisa kwa ishirini. Nilijiambia kwamba huzuni ya kufiwa na rafiki imemfungua huyu mtoto. Mwalimu akipenda kuamini jambo, wanangu, haoni kitu.

Siku ya kurudisha karatasi ilikuwa Ijumaa, kipindi cha tatu, saa nne asubuhi. Lakini ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba tuliwasha taa. Nikasimama mbele, nikasema, "Leo nawasomea insha ya mwenzenu, mjifunze." Nikaanza. Darasa likatulia. Nikafika mahali mama anapoita.

Nikasoma, "Mama akapaza sauti, 'Ezelina! Ezelina!'"

Msichana mmoja wa mbele akaweka mkono mdomoni. Nikasita, sikuelewa. Nikatazama karatasi. Wino wa bluu, mwandiko wa Tusekile, na jina lililoandikwa ni Tusekile. Nikakohoa nikasema, "Samahani, nimekosea," nikarudia sentensi ile polepole, kidole kikiwa juu ya neno.

"Mama akapaza sauti, 'Ezelina.'"

Macho yangu yaliona jina moja, mdomo wangu ukatoa jingine. Nilijaribu mara ya tatu, nikalitamka herufi kwa herufi kama mtoto wa darasa la kwanza. T, nikasema. U, nikasema. Nilipoliunganisha likatoka lile lile.

Wasichana wengine walianza kulia. Nikamwita Tusekile.

"Njoo usome mwenyewe."

"Mwalimu, naomba nisisome."

"Njoo."

Akaja. Alishika karatasi kwa mikono miwili. Akasoma vizuri, kwa sababu aliijua kwa moyo. Alipolifikia jina lake mwenyewe, jina alilopewa na bibi yake, likamtoka Ezelina. Akajaribu tena. Ezelina. Akaweka karatasi mezani, akapiga magoti palepale mbele ya wenzake.

"Si yangu, Mwalimu. Ni ya Ezelina. Niliikuta kwenye dawati."

Nikamuuliza, "Yote?"

Hapo akaniangalia kwa namna ambayo mpaka leo naiona nikifumba macho. Akasema, "Daftari liliishia pale binti anaposimama kusikiliza. Sentensi haikumalizika. Mimi nilipanga kumalizia kwamba walikutana mtoni. Lakini nilipofika pale, mkono uliendelea kuandika. Sikuwa nafikiri kitu, Mwalimu. Nilikuwa naangalia tu."

Nikausoma mwisho ule kimyakimya, sikuthubutu kuutoa kwa sauti. Ulisema hivi: "Mama aliniita kutoka juu ya kilima. Kisha mama akaniita kutoka chini bondeni. Sauti ilikuwa moja. Nikaifuata ya juu, nikamkuta mama amekaa juu ya mzigo wa kuni, ananitazama, hasemi neno. Tukarudi nyumbani. Mpaka leo sijamuuliza ni nani aliyekuwa bondeni."

Kesho yake asubuhi nilikwenda na Tusekile mpaka kwa mama yake Ezelina. Tulitembea saa nzima katika ukungu, na mtoto yule alinishika mkono wa koti njia nzima. Tulimkuta mama anaanika pareto ndani, kwa kuwa nje hapakuwa na jua.

"Kamwene, mama," nikamsalimu.

"Kamwene, Mwalimu. Karibuni."

Tusekile alieleza mwenyewe, sikumsaidia hata neno. Alipofika pale alipolichoma daftari, yule mama akaacha kazi.

"Umelichoma?"

"Ndiyo, mama."

"Lilikuwa na mwandiko wake?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi nina nguo zake," yule mama akasema. "Nina viatu vyake. Madaftari yake ya sandukuni tulimzika nayo, mwandiko wake sina hata mstari mmoja. Mimi sijui kusoma, barua alizoniandikia alikuwa ananisomea mwenyewe, kisha anazirudisha shule aandikie upande wa pili wa karatasi. Umenichomea mkono wa mwanangu."

Tusekile alilia kilio cha mtu mzima. Wanangu, mpaka saa ile nilidhani kosa lake ni la mtihani tu.

Baadaye yule mama akaniomba nimsomee insha. Nikamsomea, na jina likatoka lilivyotaka kutoka. Pale nyumbani lilionekana liko mahali pake. Nilipomaliza ule mwisho, akasema, kama anayejisemea mwenyewe:

"Siku ile sauti ilikuwa imenikauka kwa mafua. Siku tatu sikuweza kutamka neno. Nilikaa juu ya kuni nikilia. Mimi sikumwita, si kutoka juu, si kutoka bondeni. Na habari hii sijamwambia mtu."

Nje ukungu ulikuwa umefika mlangoni.

Akanyoosha mkono, akaiomba ile karatasi. Ilikuwa mali ya shule, lakini nilimpa. Aliikunja, akaitia kifuani. Ndipo akamgeukia Tusekile, na hakusema kwa hasira.

"Ungeniletea, ningekubariki nayo. Uliificha, nayo imekukana. Jibu la kuiba humtaja mwenyewe, binti yangu. Nenda kaandike la kwako."

Mkuu wa shule alimpa sifuri, kisha baada ya kubishana nami siku mbili akakubali aandike upya. Tusekile aliandika habari ya mbuzi wa bibi yake aliyekula tiketi ya basi. Ilikuwa na makosa kumi na manne ya herufi. Nikampa kumi na moja, na wastani ulikuwa kumi. Nilitaka kumrudishia kimya kimya, lakini akasimama akasema, "Mwalimu, naomba uisome kwa sauti." Darasa zima likanitazama mdomo. Katikati ya insha bibi anamwita mjukuu aje amshike mbuzi, nami nilipolikaribia jina jasho lilinitoka, na baridi yote ile.

"Tusekile!" nikasoma.

Likatoka Tusekile. Hakuna aliyepiga makofi. Nilisikia tu watu wakishusha pumzi, mmoja baada ya mwingine, mpaka kule nyuma nisikoona.

Tangu siku hiyo wasichana wale waliposhawishika kuchungulia karatasi ya jirani, walikumbushana kwa maneno ya yule mama, ambayo Tusekile mwenyewe aliwasimulia. Walipoolewa na kusambaa wakayabeba, ndiyo maana yamefika hata jikoni kwa mama yenu. Basi Lwitiko, lete daftari lako, na hesabu zile uzifanye hapa hapa, hata ukikosa zote. Jibu la kuiba humtaja mwenyewe.