Kila Nyumba ya Tano

Maumivu yana tabia moja: yakiwa kwenye mwili wa mwenzako yanaonekana madogo. Jirani akichomwa mwiba tunamwambia avumilie, ni mwiba tu. Tukichomwa sisi, tunataka gari la hospitali. Yotham wa Kashaulili, mjini Mpanda, alijifunza hayo akiwa ameketi katikati ya zizi la ng'ombe, mikono imefungwa kamba ya katani, jua la Septemba likimchoma utosini.

Ulikuwa mwaka 1995, na nchi ilikuwa inaelekea kwenye uchaguzi wa vyama vingi. Kampuni moja ya Dar es Salaam iliajiri vijana wazunguke vijijini kuuliza watu watampigia nani kura. Yotham, aliyekuwa na mdomo mwepesi kama cherehani iliyotiwa mafuta, akapewa baiskeli, mkoba na eneo la Usevya. Masharti yalikuwa mawili. Apige hodi kila nyumba ya tano, nyingine aziache. Na asilete majibu mengi ya "sijui".

"Ukiniletea masijui," msimamizi wake alimwonya, "nitajua ulikuwa umelala."

Asubuhi ile aliingia kitongoji cha wafugaji wa Kisukuma, nje kidogo ya Usevya, bila hata kupita kwa mwenyekiti wa kitongoji. Kisukuma hakukijua, kwa hiyo alimchukua fundi baiskeli wa pale, Kija, amtafsirie. Kija alikuwa na sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto.

Nyumba ya tano ilikuwa ya mjane aitwaye Nyanzala. Walimkuta akipepeta mpunga. Kiswahili chake kilikuwa cha mnadani, cha kununulia chumvi na kukatalia bei.

"Mwangaluka, mayu," Yotham alisalimia kwa Kisukuma pekee alichokuwa nacho. "Uchaguzi ukifanyika leo, utampigia nani kura?"

Kija akatafsiri kwa sauti yake ileile. Majirani waliokuwa wakipita wakasimama. Ungo nao ukasimama.

"Sijui," alisema Nyanzala.

"Ah, mama, hakuna asiyejua! Chama tawala au mageuzi?"

"Sijui, mwanangu."

Nyanzala alikuwa na sababu. Jirani yake, Malale, alikuwa ametengwa na kitongoji kizima kwa kuvaa kofia ya chama cha mageuzi dukani. Hakuna aliyempa moto wala aliyemwitikia salamu. Mtoto wake alipofariki, Malale alichimba kaburi peke yake. Mjane akitengwa, nani atamchimbia?

Yotham aliona vidole vya mama yule vikitetemeka kwenye ungo. Macho alikuwa nayo. Lakini aliogopa zaidi masijui.

"Mama, swali haling'ati! Jibu tu, tukuache na mpunga wako."

Akauliza mara ya tatu, Kija akapaza, majirani wakasogea. Nyanzala akainamisha kichwa. "Chama tawala," akasema. Yotham akatia alama, akashukuru, akaruka nyumba nne.

Kuruka huko ndiko kulikomponza. Mwezi uliopita wezi walikuwa wamepita na ng'ombe wa watu, na kila mgeni alitazamwa mara mbili. Huyu sasa anapita nyumba hii, anaiacha ile, kisha anaandika! "Anawawekea wenzake alama," watu wakanong'ona. Pembe ikapulizwa. Kufumba na kufumbua sungusungu, walinzi wa jadi, wakawa wamemzunguka na pinde zao. Kija akaitwa aeleze.

"Mimi? Huyu nimekutana naye njiani tu!" alisema Kija, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ilikuwa ndogo.

Ndivyo Yotham alivyofika zizini. Mbele yake alisimama Mabula, kamanda wa sungusungu.

"Nani kakutuma?"

"Kampuni, baba. Nakusanya maoni."

"Maoni ya ng'ombe?"

Hakuna aliyecheka. Mwizi wa mwisho kukamatwa pale, polisi walikuta kaburi.

"Ya watu, baba. Ya kura."

"Haya, tuanze na yako. Wewe utampigia nani?"

Yotham alitazama nyuso zile, moja baada ya nyingine. Hakuna hata moja iliyoandikwa chama. Akikosea jina moja tu, amekwisha. 

"Si... sijui."

"Hakuna asiyejua," alisema Mabula taratibu. "Si ndivyo unavyosema wewe?"

"Baba, kura ni siri!"

"Kumbe ni siri!" mtu alidakia kutoka nyuma. "Tangu saa ngapi?"

Upinde ukavutwa. Mkojo ukamtoka Yotham bila kupiga hodi.

Hapo Nyanzala akapenya katikati ya wanaume. Akachuchumaa mbele ya Yotham, akaelekeza sikio. "Sema hapa. Sikio moja tu."

Yotham akanong'ona. Alisema kweli. Nyanzala akainuka.

"Kasemaje?" Mabula aliuliza.

"Kajibu. Mwizi angetaja chama chako haraka. Huyu kaogopa kama mimi."

"Kataja kipi?"

"Leo nimeulizwa mara tatu mbele za watu," alisema Nyanzala. "Nyie mkitaka ya nne, niulizeni kwa mishale."

 Ng'ombe mmoja akakohoa. Mabula akaashiria kamba ifunguliwe na mgeni apelekwe kwa mwenyekiti, alikotakiwa kuanzia.

Kabla ya kuondoka, Yotham alichomoa mkobani karatasi aliyoandikia jibu la Nyanzala, akamrudishia. Mama yule aliipokea kwa mikono miwili, akaenda kuitia motoni jikoni.

Jioni, mwenyekiti alipomwachia, Yotham alifika njia panda na hakukumbuka njia ya Mpanda ni ipi. Watu walipita, wakamsalimia, na yeye akaitikia. Lakini kila alipofungua mdomo aulize, ulimi uligoma. Akachagua njia kwa kubahatisha, akapotea, akikokota baiskeli. Kweli, mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.