Sukari Isiyotoka Jikoni

Kulikuwa na mtunza stoo mmoja ambaye mke wake aliugua kisukari. Mama yule alikuwa na kidonda mguuni, na daktari aliwaambia wazi: sukari isiposhuka, mguu huu tutaukata.

Mume alimpenda mkewe. Basi akafanya kazi aliyoijua. Akafunga kabati la chakula kwa kufuli. Ugali akampimia, vidonge akampa kwa mkono wake. Akisikia harufu ya chapati kwa jirani, anafoka: "Umetoka kula kwa watu! Fungua mdomo nione!"

"Baba watoto, sijala kitu."

"Wee! Sukari inajipandisha yenyewe?"

Wakarudi kliniki. Nesi akamchoma mama kidole, akatazama kipimo. Sukari ilikuwa juu kuliko mwanzo.

"Anaiba huyu, sista," mume akasema. "Mimi nimefunga mpaka panya wamehama!"

Nesi akacheka kidogo, akamgeukia mama. "Dawa unameza? Unatembeatembea? Unalala?"

"Dawa nameza. Usingizi ndio sina. Nikisikia mlango, moyo unanienda mbio."

Nesi akaweka kipimo mezani. Kisha akasema, "Baba, chakula kina sehemu yake, na dawa ina sehemu yake. Lakini ini lina akiba ya sukari. Mtu akiogopa, mwili huimwaga kwenye damu ili apate nguvu ya kukimbia. Mama, nyumbani unamkimbia nani?"

Mama akainamisha kichwa. Mume akakaa kwenye benchi.

Ndugu zangu, mnaona tulivyoumbwa? Tangu nimzike mke wangu, nautazama mwili wa binadamu kwa kicho. Mungu ameweka ndani yetu akiba tusiyoiona, nayo inasikia hata mlango ukifunguliwa. Nani aliifundisha? Jikoni hapakutoka hata kijiko kimoja, na damu ya yule mama ilijaa sukari, kwa sababu mwili wake ulikuwa unahangaika kumwokoa.

Kumwokoa na nani? Na mtu aliyempenda.

Na sisi je? Wangapi tuna mgonjwa nyumbani, tunamlinda kwa makelele, halafu tunakuja hapa kumwombea apone? Dawa apewe, ndiyo. Chakula kiangaliwe, ndiyo. Lakini leo ukifika nyumbani, kabla hujamuuliza amekula nini, keti karibu naye. Muulize kwa upole amelalaje. Kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize.