Kidonge cha Jumapili

Hapo zamani, lakini zamani ya juzi tu, milimani Upare aliishi mjane aitwaye Nakunda. Siku moja aliteleza kwenye matope akavunjika mkono. Hospitalini wakampima, wakasema mifupa yake imekuwa myepesi. Wakampa kidonge cha kuikaza, kimoja kila Jumapili kabla ya chai.

Daktari akamwambia mwanawe, Senzighe, "Baada ya miaka michache mrudishe tumpime. Dawa hii si ya kunywa maisha yote."

Kidonge kikafanya kazi. Nakunda alipanda vilima, alipalilia tangawizi yake, hakuvunjika tena. Senzighe alikuwa Dar es Salaam, akituma dawa. Dada yake Nafue aliishi na mama, akimpa. Mwaka ukaisha, huyu akatuma, huyu akampa. Mwingine ukaisha, huyu akatuma, huyu akampa. Hakuna aliyemrudisha kwa daktari.

Kisha paja likaanza kuuma.

"Nafue mwanangu, paja linaniuma ndani kwa ndani."

"Ni uzee, mama. Lete nikukande."

Akamkanda. Maumivu hayakwisha. Nakunda akateremka hadi zahanati kwa tabibu Mgonja, akichechemea. Mgonja alimwona anavyotembea, akampa dawa ya maumivu. Hakumuuliza anakunywa dawa gani nyingine, wala hakumwandikia picha ya paja.

Asubuhi moja Nakunda aligeuka jikoni kuchukua mwiko. Paja likakatika, tap, kama muwa. Hakuanguka ndipo akavunjika. Alivunjika ndipo akaanguka.

Daktari wa mifupa aliwaeleza watoto polepole. "Hutokea kwa wachache sana. Dawa ile huzuia mfupa usiliwe na mwili, lakini ikinywewa miaka mingi mno, mfupa wa paja huweza kupata ufa usiojiziba. Yale maumivu ndiyo yalikuwa ufa."

Wakamtia chuma pajani. Mfupa ukakataa kuunga. Akalala, akalala, hadi kifua kikajaa, na mvua za vuli zilipoanza akafariki.

Katika ukoo ule, aliyemkosea marehemu ndiye hupiga magoti kaburini, akaomba radhi na kutupa udongo wa kwanza. Ni mmoja tu, yule aliyekosa kuliko wote. Mzee wa ukoo akauliza ni nani. Wakajitokeza watatu.

Senzighe akasema, "Ni mimi. Mimi ndiye niliyeambiwa. Niliona kutuma dawa ni rahisi kuliko kuja nyumbani, na nikauita huo upendo."

Nafue akasema, "Kaka, wewe ulikuwa mbali. Mama alilia kwangu. Mikono hii iliushika ule ufa, nikasema ni uzee. Niache nipige magoti."

Tabibu Mgonja, asiye wa ukoo, akavua kofia. "Ninyi hamkusomea. Mimi nilisomea. Nilimwona anachechemea, foleni ilikuwa ndefu, nikataka aondoke. Wazee, niruhusuni."

Mzee wa ukoo akamtazama kila mmoja. Mvua ikaanza kuingia kaburini. Watatu wamesimama, kila mmoja ameshika konzi ya udongo, na hakuna anayekubali kumpisha mwenzake.

Basi ninyi mnaonisikiliza, mngemwachia nani? Je, ni nani aliyestahili kupiga magoti mbele ya Nakunda?