Nyayo Nyekundu za Mtaa wa Sikukuu

Wapo watu wanaodhani akili huja na umri kama mvi. Wakimwona msemaji ni mdogo, hata aseme jambo la maana, humwambia nyamaza, wakubwa wanazungumza. Wahenga hawakuwa na haraka hiyo. Wao walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake, wala hawakutaja miaka. Neha, mama wa mtoto mmoja pale Upanga, aliijua methali hii tangu shule ya msingi, na siku ya mtihani aliieleza vizuri akapata alama zote. Lakini ya mtihani ni ya mtihani. Ya nyumbani ilikuwa bado inamsubiri.

Mtoto mwenyewe aliitwa Hinal. Alikuwa na miaka sita na nywele nyingi zisizokubali kitana. Kila asubuhi Neha alimpaka mafuta ya nazi na kumsuka mikia miwili, na kila asubuhi Hinal alitumia muda huo kutoa habari zake. Lifti ya jengo lao ilikuwa imemeza watu watatu na kuwatapika ghorofa ya nne. Mabasi ya mwendokasi yalikuwa ndugu wa tumbo moja, ndiyo maana hayapishani bila kusalimiana. Pantoni la Magogoni, walilolipanda Jumapili moja kwenda kutembea Kigamboni, lilikuwa mnyama mpole anayelala mdomo wazi. Neha aliitikia "ehe, ehe" huku macho yake yakiwa kwenye simu. Mwalimu alikuwa ameandika katika daftari la mtoto: "Hinal anaota mchana. Mzazi asaidie." Maneno hayo yalimkaa Neha rohoni kama mwiba wa samaki kooni.

Aliyemsikiliza mtoto huyo kwa dhati ni babu yake, mzee Shashikant, baba mzazi wa Kalpesh, mume wa Neha. Nyumbani Neha na mumewe walimwita Bapuji, yaani baba. Kichwa chake kilikuwa kipara kitupu kinachong'aa.

"Babu," Hinal alimuuliza siku moja, "kama akili ni nywele, za kwako zimekwenda wapi?"

Neha nusura aangushe kitana. Bapuji alicheka mpaka akakohoa. "Nilimpa bibi yako anitunzie," akajibu. "Naye akaondoka nazo."

Wote walicheka, lakini haukuwa mzaha mtupu. Tangu mkewe alipofariki, Bapuji alianza kusahau. Kisha wakahama. Nyumba yao ya Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, alikozaliwa na alikouza masufuria kwa miaka hamsini, ilivunjwa ipishe ghorofa, kiwanja kikazungushiwa mabati. Tangu hapo hazipiti siku tatu bila mzee kuvaa kofia yake na kusema anakwenda kufungua duka. Kwenda alijua, miguu yake ilikumbuka. Kurudi Upanga ndiko hakujua. Daktari alishaonya kwamba mzee ana kisukari, na kwamba akipotelea barabarani bila chakula wala dawa, huenda wasimpate akiwa hai. Kwa hiyo Neha aliufunga mlango wa nyumba kwa ufunguo, na mlinzi wa getini, mzee Uwesu, aliombwa asimruhusu atoke peke yake.

Ikafika wiki ya Diwali, sikukuu ya taa. Siku yenyewe ya Diwali nyumba ya Kihindu humngoja mgeni mkubwa, Lakshmi, mungu mama wa neema. Ili asipite njia, wenye nyumba humchorea nyayo. Mtu huchovya ngumi katika kanku, ile rangi nyekundu ya ibada, akaipiga sakafuni kwa upande wa kidole cha mwisho, kisha akaongeza madoa matano kwa ncha ya kidole. Ukiitazama alama hiyo, utaapa ni unyayo wa mtoto mchanga aliyepita sasa hivi. Nyayo hizo huelekea ndani, wala hazikanyagwi. Mtu hupita kando yake kwa heshima. Kwa miaka yote aliyezichora ni bibi yake Hinal.

"Mama, Lakshmi anajua kwamba tumehama?" Hinal aliuliza wakiwa mezani.

"Anajua. Yeye anajua kila kitu."

"Sasa kama anajua kila kitu, kwa nini tunamchorea njia?"

Neha alimsogezea sahani. "Kula chakula chako," akasema.

Wiki hiyo walikwenda Kariakoo siku nne mfululizo kununua vya sikukuu. Walikwenda kwa miguu, wakifuata Barabara ya Umoja wa Mataifa, wakavuka makutano ya Faya na kuingia Msimbazi, kwa sababu foleni ilikuwa haisogei. Kila mara Hinal alibaki nyuma. "Nakuja, mama, nafunga kiatu!" Neha alisimama, akasubiri, akasoma ujumbe kwenye simu, wakaendelea. Siku ya nne ndipo alipotazama miguu ya mwanawe akagundua kwamba mtoto amevaa ndala. Akamshika mkono wakaenda, wala hakuuliza.

Asubuhi ya Diwali alifungua kopo la kanku akalikuta tupu. Mlango nao ulikuwa umekwisha kufunguliwa kwa ufunguo. Alipotoka, lo! Ngazi za ghorofa zote tano za jengo zilikuwa na nyayo nyekundu, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kutoka getini hadi kwenye kizingiti chao. Hinal alikuwa amechuchumaa mwishoni, ngumi nyekundu hadi kwenye kiwiko.

"Nimemaliza, mama! Zimeanzia Sikukuu, pale kwenye mabati ya nyumba yetu. Kila kona na kila nguzo nimeweka. Nimechanganya na mafuta ya nazi, maana maji na mafuta hawapatani. Hata mvua ikinyesha..."

Neha hakuyasikia ya mafuta wala ya mvua. Alichoona ni majirani watakavyolalamika na daftari la mwalimu. "Umechafua jengo la watu!" alifoka. "Utaacha lini ndoto zako? Chukua sponji, futa!"

Hinal alifuta huku machozi yakimdondoka kwenye ndoo. Neha naye alisugua, akipanda na kushuka na maji, mlango wa nyumba ukabaki wazi. Nje ya geti alimwita mlinzi.

"Mama Hinal, si tuziache tu? Leo sikukuu," mzee Uwesu alisihi.

"Futa, mzee wangu, mpaka pale kwenye kona."

Mzee Uwesu aliinama na brashi yake na mafuta ya taa, maana sabuni pekee haikufua dafu. Akasugua ukingo wa barabara, mgongo ukiwa umeelekea geti. Hakumwona mtu mwenye kofia aliyeshuka kwa lifti akapita nyuma yake.

Saa nane mchana Neha alipeleka chakula chumbani kwa Bapuji akakuta kitanda kitupu. Alitafuta bafuni, barazani, juu ya paa. Wakati huohuo mvua ya vuli ikamwagika, kubwa na ya ghafla. Kalpesh alipigiwa simu, akapanda bodaboda kuzunguka vituo vya polisi na hospitali. Mvua ilipokatika, simu ya Neha ikalia. Alikuwa Fortunata, Mchaga wa kutoka Rombo, anayeuza mashuka kwa jumla mkabala na ilipokuwa nyumba yao ya zamani.

"Mama Hinal, Mzee Shashi alikuwa hapa kwangu! Nimemkuta kasimama mbele ya mabati, anapapasa anatafuta mlango. Nikamwambia kaa, baba, nikuletee chai. Nimegeuka kumpa mteja mzigo wake, kurudi hayupo! Jamani, na watu walivyojaa hapa leo!"

Neha alikata simu. Mzee hajala tangu asubuhi, sindano yake ya mchana imepita, na Kariakoo siku ya sikukuu hata mtu mwenye macho yake hupotea. Alimkokota Hinal hadi kwenye bajaji, lakini mtoto aligoma kupanda.

"Mama, twende kwa miguu. Babu atakuwa nyuma ya Lakshmi. Hawezi kumpita."

Neha alitaka kumpigia kelele. Lakini alipotazama mbele, barabara nzima ilikuwa imesimama, magari yamebanana, honi juu ya honi. Akaiacha bajaji, wakaenda kwa miguu.

Walipopita ile kona ambapo mzee Uwesu aliishia kusugua, Neha aliuona unyayo wa kwanza chini ya nguzo ya umeme. Mvua ile kubwa ilikuwa imeosha kila kitu: vumbi, chaki za wauza mitumba, hata masizi ya magari. Unyayo ulikuwa palepale, mwekundu, maji yakiteleza juu yake. Nguzo iliyofuata, mwingine. Kwenye kona, mwingine, umegeuzwa kidogo kuonyesha pa kukunja. Neha alikuwa amepita hapo mara nane wiki hiyo. Hakuwa ameona hata mmoja. Akajikuta anatembea kando kando, asizikanyage.

"Hizi mbona mbili zimesimama pamoja?" aliuliza walipofika penye kivuko cha waenda kwa miguu. Sauti yake ilikuwa ya kunong'ona, hata yeye hakujua kwa nini.

"Hapa anasubiri," Hinal alijibu. "Magari ni mengi. Akiona watu wanavuka ndiyo na yeye anavuka."

Faya watu walikuwa kama siafu. Basi la mwendokasi lilipita, jingine likapita, na lilipoondoka, Neha alimwona. Ng'ambo ya barabara, kofia mkononi na viatu kwapani, Bapuji alikuwa amesimama pekupeku kando ya nyayo mbili nyekundu. Watu walimsukuma huku na huku, yeye hasogei. Alikuwa anasubiri. Umati ulipovuka naye akavuka, taratibu, macho chini.

"Bapuji!" Neha alimkimbilia akilia.

Mzee aliweka kidole mdomoni. "Taratibu, binti. Yuko mbele yetu. Usimpite."

Neha alirudi nyuma hatua moja, akampisha. Salaale! Katikati ya honi na wauza maji na matope ya vuli, kwa dakika moja hakusikia chochote.

"Nyumba ilikuwa imeondoka," Bapuji alisema bila kuinua macho, huku akitafuna biskuti alizonunuliwa na Neha. "Nikasema basi, nimepotea. Halafu nikauona mguu wake chini ya bati. Nikajua mama Kalpesh kanichorea njia."

Neha alimpigia Kalpesh simu, kisha akasimamisha bajaji, lakini mzee alikataa katakata. Mwenye kumfuata Lakshmi hapandi bajaji. Wakarudi kwa miguu, mzee katikati, mpaka kwenye ile kona ya mwisho. Geti lao lilikuwa linaonekana, hatua chache tu. Bapuji akasimama.

"Ameishia hapa," alisema. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Miguu ilikuwa imeanza kumtetemeka na kijasho chembamba kinamtoka usoni. "Basi si hapa kwetu. Amerudi." Akageuka kuelekea alikotoka, na alipovutwa mkono alijinasua kwa nguvu ambazo Neha hakujua bado anazo.

Hapo Neha alielewa alichokifanya asubuhi. Njia aliyoijenga mtoto wa miaka sita kwa siku nne, yeye alikuwa ameikata mlangoni kwa sponji.

"Hinal," aliita, "rangi imebaki hata kidogo?"

Hinal alitoa mfukoni kikopo cha vaselini. Chini kabisa palikuwa na wekundu wa kiasi cha kijiko. Neha alipiga magoti kwenye maji ya mvua, na sari yake mpya ya sikukuu, akachovya ngumi.

"Usiikaze sana, mama," Hinal alimwelekeza. "Sasa vidole. Kidole gumba kiwe kikubwa. Ehe, hivyo hivyo."

Unyayo mmoja. Bapuji aligeuza kichwa. Wa pili. Akasogea. Mzee Uwesu alitoka mbio getini, akasimama barabarani na mikono miwili juu kuzuia magari, akafungua geti zima kama anayempokea bibi harusi. Neha alitambaa akipiga ngumi, mzee akimfuata. Kwenye lifti Hinal alikataa, akasema itamla Lakshmi, na safari hii hakuna aliyembishia. Wakapanda ngazi, unyayo kwa unyayo, rangi ikipungua, Neha akiisugua ngumi kwenye kuta za kikopo. Unyayo wa mwisho, hafifu, ulitua kwenye kizingiti chao.

Bapuji alisimama kando ya mlango, akainamisha kichwa, akangoja kidogo kama anayempisha mtu. Kisha akaingia, akaketi kwenye kiti chake, akasema, "Tumefika nyumbani." Tangu wahame, neno hilo, nyumbani, hakuwahi kulitamka pale Upanga.

Baada ya sindano na chakula, mzee alilala. Neha alimpakata mwanawe na kuuzamisha uso wake katika zile nywele zisizokubali kitana, akalia kwa sauti. "Nisamehe, mwanangu."

"Haya," Hinal alisema. "Lakini ghorofa ya tatu umeweka kushoto mara mbili. Atakuwa amechechemea."

Neha alicheka na machozi yake. Kisha akavuta lile daftari la shule, na chini ya maneno ya mwalimu, "Anaota mchana, mzazi asaidie," akaandika, kidole kikiwa bado chekundu: "Mwalimu, mzazi ndiye aliyesaidiwa." Tangu siku hiyo, kila asubuhi anaposuka ile mikia miwili, simu huiacha chumbani akasikiliza habari zote za lifti na za pantoni hadi mwisho, kwa kuwa ameona kwa macho yake kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake.